Mpunga Ulionisubiri Mitole

Mashoga zangu na majirani wa Temeke, niliwaaga kwa siku saba nikakaa karibu wiki tatu. Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu anauliza yaliyonipata, na kila nikisimulia, kesho yake nasikia yametiwa chumvi. Mama Zuhura amesikia nilizama mtoni. Wa nyumba ya pili amesikia nimeolewa. Mimi ni mwalimu, kosa likiandikwa ubaoni siwezi kulipita nikanyamaza, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, msomeane wenyewe. Habari za kutafuta tiketi na ruhusa za kazini naziacha, hazina ladha.

Kwanza mjue kilichonitoa. Kwetu Mitole, huko ndani Wilaya ya Kilwa, mpunga mpya hauliwi hovyo. Masika yakiisha na kusi likianza kukausha majani, mashuke hubadilika rangi, na watu nao hubadilika. Waliogombana huanza kuamkiana, barua za posa zinapelekwa, wavulana wanatafutiwa ngariba. Lakini kabla ya hayo yote kuna limbuko. Mkubwa wa tumbo, yaani mtoto wa kwanza aliye hai katika waliozaliwa na mama mmoja, ndiye anayetia kinywani punje za kwanza. Anawataja marehemu wa nyumba, inasomwa dua, anaonja, ndipo wengine wanakula. Kukata mpunga kabla yake ruksa, kutwanga ruksa, kula mwiko. Na huyo mkubwa mwenyewe asiwe ameshaonja mpunga wa mwaka huo mahali pengine. Mwalimu wa madrasa aliwahi kuwaambia wazee wetu kwamba jambo hilo halimo kitabuni. Walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, wakaendelea kama kawaida.

Mama yetu aliacha watoto watatu wa kike: Dada Fatuma, mimi Somoe, na Mwanahawa. Dada Fatuma alifariki mwaka jana mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Nililia, nikarudi Dar es Salaam, wala sikuwaza kwamba sasa mkubwa nimekuwa mimi. Aliyenikumbusha ni Mwanahawa, kwa barua aliyoileta mtu wa kwetu aliyekuja kununua nguo za mitumba.

"Dada, shikamoo," aliandika. "Mpunga umeiva na tumeanza kukata. Wa mwaka jana ulikwisha mapema, nguruwe walituingilia. Tunakula mihogo, na mihogo nayo imekwisha, sasa tunachimba ming'oko porini. Watoto wanauliza kila siku utakuja lini. Fanya haraka, tunasubiri kinywa chako."

Mwanahawa ni mjane na ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Nilisoma barua mara mbili, nikafunga mzigo. Tangu siku hiyo sikugusa wali wa mtu.

Temeke hadi Kibiti

Basi lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, likaondoka saa tatu, kwa kuwa dereva alikuwa anangoja marobota ya mitumba ya mfanyabiashara mmoja. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara. Aliyekuwa karani ana duka, aliyekuwa na duka ana basi. Marobota yalipofika yakapakiwa kwanza, sisi wenye miguu tukafuata.

Tulifika Kibiti njaa imenishika. Nilikaa kwenye banda la mama ntilie mmoja mnene, mchangamfu, nikamuuliza lililonihusu.

"Mchele wako huu wa mwaka huu au wa mwaka jana?"

"Wa mwaka huu, mama," alijibu kwa fahari. "Mpya kabisa, wa hapa hapa Rufiji."

"Basi nipe chai na mkate."

Uso wake ulibadilika. "Kwani wali wangu una nini, mama?"

"Hauna kitu. Sili mchele mpya."

Wanaume wawili waliokuwa wanakula wakaanza kunusa sahani zao. Mmoja akasukuma yake mbele. Nilipaswa kueleza, lakini honi ilikuwa inalia na mimi nina ulimi mfupi nikiwa na njaa. Nikaondoka nimemharibia biashara mwanamke wa watu, na hadi leo naona aibu.

Ndundu, siku mbili

Mto Rufiji ulikuwa umejaa. Mwaka huu mvua zilichelewa kuondoka, na maji yalikuwa mekundu, yanapita na magogo. Pantoni ilikuwa imefungwa ukingoni na wahusika wake wanacheza bao. Tulipouliza tutavuka lini, walijibu kwamba mto ndio utakaosema. Magari yalikuwa yamepanga mstari mrefu hadi vichakani.

Mtu akikaa siku mbili mahali, habari zake humtangulia kila anapokwenda. Kumbe katika abiria wa basi letu alikuwamo aliyeniona Kibiti, akaeneza kwamba kuna mama mwenye miwani anakagua michele, bila shaka ni afisa afya kutoka Dar. Asubuhi ya siku ya kwanza naona kila ninapopita masufuria yanafunikwa, sahani zinaoshwa upya. Muuza samaki mmoja aliniletea kibua cha kukaanga kwenye karatasi safi, akasema, "Hiki hulipi, mama." Nilikataa. Nikamwambia mimi ni mwalimu tu. Akaitikia "ndiyo, mama" kwa namna ya mtu anayemtunzia mwenzake siri, na kibua akakiacha palepale. Nilikila. Hata hivyo kilikuwa kizuri.

Jioni nilimpata mwanamke mwenye wali ninaoweza kuula. Nilipomuuliza mchele wa mwaka gani alicheka.

"Huu wa meli, dada. Umetoka ng'ambo. Gunia lina maandishi ya kwao, mwaka wake hata mimi siujui."

Nikala sahani nzima. Haukuwa na harufu yoyote. Wakati natafuna nilifikiri kwamba huko kwetu Temeke ndio tunaoula miezi yote kumi na miwili, na kwamba nina miaka thelathini mjini sijawahi kuamka asubuhi nikasema leo mavuno yameanza. Dukani mchele upo Januari, upo Juni, bei tu inapanda na kushuka. Sikuwahi kuona kama ni hasara mpaka pale.

Siku ya pili nilianza kukasirika. Mwanahawa alikuwa amehesabu kwamba nitakuwa nimefika. Nilijua amekwisha fagia uwanja.

Ndipo aliponisogelea Damiani. Ni mtu wa makamo, Mmakonde wa kule uwandani, Mkristo, ana lori lake na ananunua mazao. Lori lilikuwa limejaa magunia matupu.

"Shikamoo, mama. Eti kweli wewe wa afya?"

"Marahaba. Mimi mwalimu. Naenda kwetu Mitole kulimbuka."

Akatabasamu. "Ndiyo maana unakataa wali wa watu. Kwetu nako ilikuwapo hiyo, bibi yangu alikuwa mkali. Haya, mto ukiruhusu utapanda kwangu, mbele. Basi lenu likivuka halitafika, matairi yake nimeyaona."

Maji yalipungua asubuhi iliyofuata. Tukavuka.

Kwa lori la Damiani

Damiani ni msemaji, na mimi napenda msemaji barabarani. Alinieleza jinsi zamani ushirika ulivyokuwa unachukua mazao na mkulima akapewa karatasi, na jinsi sasa wanunuzi wanavyowahiana hadi shambani. Yeye husema anawasaidia watu. Nilimwambia inategemea umefika wakati gani.

Mbele ya Nyamwage alisimama kwenye kijiji kidogo, akaitwa kuona mpunga wa mzee mmoja uliokuwa umeanikwa kwenye jamvi. Nilishuka kunyoosha miguu. Damiani alichota punje kadhaa, akazitia mdomoni, akazivunja kwa meno ya mbele.

"Bado una maji," alisema. "Siku mbili za jua."

Nikamuuliza yule mzee, "Mmeshalimbuka, baba?"

Alitazama chini. "Bado, mama. Tunamsubiri kaka yangu, yuko Utete."

Damiani akatema pembeni haraka. Tuliporudi garini nilimsema, tena kwa sauti ya darasani. Nilimwambia amekula limbuko la watu mbele ya macho yao.

"Sikula, mama, nimetema. Nilikuwa napima ukavu."

"Kinywani umetia, hukutia?"

"Nimetia." Alibadilisha gia. "Nikwambie ukweli, mama. Nafanya hivi kila kijiji, tangu huku mpaka Mchinga mpaka Mitwero. Siku hizi anayeonja wa kwanza ni mnunuzi. Watu wanaona, wananyamaza, kwa sababu mnunuzi mwingine hajulikani atakuja lini."

Hakusema kwa kujisifu. Nilibaki na hasira yangu lakini sikujua niielekeze kwa nani.

Kabla ya Somanga lori lilizama kwenye tope hadi ekseli. Tulikata matawi, tukatandika chini ya magurudumu, tukasukuma, matawi yakazama nayo. Mvua ikatukuta hapo, ile mvua ya mwisho ya msimu ambayo hunyesha kama inafuta deni. Nilisukuma pamoja na wanaume, nikaanguka mara mbili, na kanga zangu mbili zikawa rangi moja. Tulitoka alasiri. Nguo zilinikaukia mwilini, na tulipokaribia Tingi meno yalikuwa yanagongana.

"Mama, wewe huendi popote leo," Damiani alisema.

Tingi

Alinishusha kwa Bi Tatu, mwanamke mtu mzima anayemuuzia ufuta kila mwaka. Nakumbuka nilimwamkia shikamoo, akaitika "marahaba, mwanangu, pole," na nakumbuka mkono wake shingoni kwangu. Baada ya hapo nilikuwa na homa, na siku zilipita bila mpangilio. Damiani aliendelea na safari yake, na alikuwa ameacha vidonge.

Hapa nataka mnisome polepole, maana hapa ndipo ilipo safari yenyewe.

Bi Tatu alininywesha uji wa mchele kwa tui la nazi. Bakuli la kwanza nililinywa nimefumba macho, sikujua hata ni kitu gani. Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imeshuka na nilikaa mwenyewe kitandani. Akaniletea bakuli la pili. Nilipolisogeza mdomoni nikasikia harufu.

Mchele mpya una harufu yake. Aliyekulia kwenye mpunga hawezi kuikosea, na uji wake huwa mzito wenyewe bila kukorogwa sana. Sikuhitaji kuuliza. Mimi niliyemkatia riziki mwanamke wa Kibiti kwa swali moja, hapo sikufungua mdomo kuuliza. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, mashoga zangu. Nilikuwa sijainusa mwaka mzima na nilikuwa na njaa ya siku tano ya mikate na vibua. Nikajiambia labda ni mchele wa zamani wa aina nzuri. Nikanywa lote. Bi Tatu akauliza, "Nikuongeze?" Nikasema niongeze.

Nilipotoka uani kunawa nikakiona kinu, na pembeni yake makapi mabichi bado ya kijani kwenye ncha, na mitetea miwili inayachambua.

"Bi Tatu, mchele ule ni wa lini?"

"Wa juzi, wa bondeni kwangu. Sisi tumeshalimbuka wiki iliyopita." Aliona uso wangu. "Vipi, umekukaa vibaya tumboni?"

Nikamweleza. Alishika mashavu, maana ni mtu wa huku huku, hakuhitaji tafsiri.

"Mbona hukuniambia ulipofika?"

"Nilikuwa sijitambui."

"Basi yamekwisha, mwanangu. Mgonjwa hana mwiko. Hata wazee walisema hivyo. Nenda kalimbue kwenu, moyo wako uwe safi."

Nililipokea neno hilo kama dawa. Mgonjwa hana mwiko. Nilikaa kwake siku mbili zaidi nikingoja nguvu, na kila liliponijia lile bakuli la pili nilijisomea maneno ya Bi Tatu. Yalinitosha mchana. Nikijilaza yalikuwa hayatoshi.

Kuingia ndani

Kutoka Tingi nilipata lifti hadi Nangurukuru. Kutoka hapo kuelekea kwetu hakukuwa na gari, barabara ilikuwa imekatika. Nikapatana na mtu mmoja, Juma, aliyekuwa na baiskeli na tenga la samaki wakavu anaowapeleka ndani kubadilishana na mpunga. Mzigo wangu ulipanda juu ya tenga, sisi tukatembea kila mmoja upande wake. Hadi leo begi langu linanuka, mkija msishangae.

Kote njiani mashamba yalikuwa ya rangi ya mkeka wa zamani. Nyasi zilikuwa zimeanza kulala, na ndege walikuwa wengi, kila shamba lina mtu juu ya dungu anapiga debe na kuwafukuza. Kulikuwa na ubaridi mzuri wa asubuhi. Nilijisikia mwenyeji, nikaanza kutaja majina ya miti.

"Mitole unakwenda kwa nani?" Juma aliuliza.

"Nina ndugu."

"Watu wazuri wale. Ila kuna nyumba moja naionea huruma. Mama mmoja mjane amekata mpunga wake, umejaa ndani, na hawali. Wanamsubiri dada mtu yuko Dar. Nilipita wiki iliyopita nikamkuta anachimba ming'oko na watoto, mpunga upo ndani. Nikawapa samaki wawili, sikuweza kupita."

Nililishika tenga, nikajifanya nalizuia lisiyumbe.

"Mimi ningekuwa yeye ningekula zamani," Juma aliendelea. "Huyo dada mwenyewe huko mjini anakula wali kila siku, nani atamjua? Watu wa Dar hawana haya, mama."

"Hawana," nilisema.

Tulitembea sana baada ya hapo kabla sijaweza kumwambia kwamba ni mimi. Maskini, alisimamisha baiskeli akaanza kuniomba radhi mpaka ikabidi nimsihi tuendelee. Akawa ananiita "shemeji" hadi mwisho wa njia, sijui kwa hesabu gani, na kila baada ya muda anageuka kuniuliza kama nimechoka.

Mitole

Tulifika jua la utosi. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mwanahawa alitoka nyuma ya nyumba. Amepungua. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni na puani kama daktari.

"Shikamoo, dada. Karibu, karibu. Tulisema mto umekuchukua."

"Marahaba, mdogo wangu. Hicho kitambaa cha nini?"

Alikifungua akacheka. "Natwanga pepeta za limbuko. Vumbi la mpunga lisije likaniingia mdomoni."

Kwa wasiojua, pepeta ni mpunga mchanga uliokaangwa na mashuke yake yangali na maziwa, ukatwangwa ukawa bapa. Ndio unaolimbukiwa. Mwanahawa alikuwa ameutwanga mara ya tatu sasa, kwa kuwa wa kwanza na wa pili ulikuwa umekauka ukinisubiri, akawapa kuku.

Halafu nikamwona Shani, yule wa mwisho. Alikuwa amechuchumaa karibu na kinu anaokota punje zilizoruka. Nilimtazama nikingoja azitie mdomoni, mtoto wa miaka minne mwenye njaa, nani angemlaumu. Aliokota mpaka kiganja kikajaa kidogo, akainuka, akampelekea mama yake, akazimwaga kwenye ungo. Kisha akarudi kuokota nyingine.

Nilikaa kwenye kiti nilichopewa. Mwanahawa alitandika mkeka mlangoni. Jirani yetu Maalim Bakari aliitwa kusoma dua, watoto wakapangwa kwa umri, Juma naye akaambiwa asiondoke, mgeni ni baraka. Ungo wa pepeta ukawekwa mbele yangu. Mwanahawa alipiga magoti pembeni. Wote walikuwa wanatazama mkono wangu.

Ningeweza. Mashoga zangu, ningeweza kabisa. Tingi ni mbali na Bi Tatu hana habari na watu wa Mitole.

"Mwanahawa," nilisema, "mimi nimeshakula."

"Umekula nini, dada?"

"Mpunga wa mwaka huu. Nilishikwa na homa njiani, pale Tingi, nikapewa uji."

Maalim Bakari alikohoa. Mtoto mkubwa wa Mwanahawa alimtazama mama yake. Mwanahawa alishusha pumzi, na niliona uso wake unatafuta njia ya kunitoa.

"Ulikuwa mgonjwa," alisema. "Mgonjwa hana mwiko. Si ulikuwa hujui?"

Neno lilelile la Bi Tatu. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia tu.

"Bakuli la kwanza sikujua," nilisema. "La pili nilijua kwa harufu. Nilikunywa, nikaomba niongezwe."

Mwanahawa alinitazama kwa muda, wala si kwa chuki, kama anayepima umbali. Halafu akaunyoosha mkono, akauvuta ule ungo taratibu kutoka mbele yangu akauweka mbele yake. Akafunga kanga vizuri kichwani. Alimtaja mama, akamtaja Dada Fatuma, akawataja na wengine ambao mimi nilikuwa nimewasahau majina. Maalim akasoma. Tukaitikia amina. Mwanahawa akachota kidogo kwa vidole vitatu, akatia kinywani, akatafuna muda mrefu macho yamefumba. Machozi yalimtoka akiwa anatafuna. Nadhani ni njaa, na nadhani si njaa peke yake.

Kisha watoto. Sitaeleza walivyokula.

Mchana ule ulipikwa wali, nami nililetewa wangu kwenye sinia, umefunikwa kawa, na maji ya kunawa yakiletwa kwa birika. Nilikula kwenye mkeka mmoja na Maalim Bakari na Juma. "Karibuni wageni," Mwanahawa alisema. Wali ulikuwa mtamu sana. Niliona haya kushiba.

Nilikaa siku tisa. Nilimsaidia kukata sehemu iliyobaki, nikafukuza ndege mpaka sauti ikakauka, nikalala chumba kimoja na Shani aliyekuwa sasa anakoroma kwa shibe. Mwanahawa hakunirushia neno hata moja. Tulicheka, tulimlilia dada yetu, tulisemana watu. Asiyejua angesema hakuna lililotokea.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba, amebeba mfuko wa mchele kichwani. Aliuweka chini mbele yangu.

"Mwakani usihangaike na mafuriko, dada," alisema. "Njoo ukipata likizo, wakati wowote. Hatutakusubiri, tutakuwa tumeshakula."

Nikasema, "Vizuri, mdogo wangu."

"Na huu mchele pika siku unayotaka." Alinitwisha mwenyewe, akaniweka sawa kanga begani kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mdogo. "Wewe sasa huna mwiko."

Alisema kwa upole kabisa, nia yake ilikuwa kunipa raha. Mchele huo uko ndani kwangu tangu niliporudi. Bado sijaupika.